Kompyuta Zilizaliwa Vitani, na Wanawake Walikuwepo



Wiki chache zilizopita tulivuka na boti ya asubuhi kutoka Unguja, tukapanda daladala ya barabara ya Bagamoyo, tukapita Tegeta na Boko mpaka Bunju. Tulikwenda kwa binti yetu anayeolewa baada ya Maulidi, inshaallah. Tulikaa na somo wake, huku tunachambua mchele na kupanga nani atashughulikia hina na nani atasimamia chakula, lilipotajwa neno lililoletwa na upande wa mume. Wakwe wanampenda binti, hilo halina shaka. Lakini mzee mmoja wa upande ule amesema kazi yake haimfai mke wa mtu. Binti yetu anaandika programu za kompyuta. Mzee anaona mashine ni kazi ya wanaume, na mwanamke atafutiwe kazi inayofanana naye.

Binti alinyamaza kwanza. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Labda niiache tu, nisije kuanza ndoa na ugomvi."

Hatukumjibu siku ile. Tulimwahidi kitu kimoja tu: kwamba tutatafuta tujue kazi hii ilianzaje, na nani waliokuwa wa kwanza kuifanya. Makala haya ndiyo tuliyoyapata. Yanaanzia mbali, yanapita vitani, yanapita Mombasa, na mwisho yanafika kwenye Hazina ya serikali hapo Dar es Salaam.

Fumbo na mwenye kulifumbua

Wahenga walisema, fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Kompyuta ilizaliwa kutokana na kazi hiyo hasa ya kugangua mafumbo.

Katika karne ya 9, Baghdad ilikuwa na mwanachuoni anayeitwa al-Kindi. Aliandika risala juu ya namna ya kusoma barua zilizofichwa kwa kubadilishwa herufi, na risala hiyo ndiyo ya zamani kuliko zote zinazojulikana juu ya elimu hii. Nakala yake imehifadhiwa Istanbul. Njia yake ni rahisi ukiielewa. Kila lugha ina herufi zinazojirudia kuliko nyingine. Chukua Kiswahili chetu: herufi inayojirudia zaidi ni a. Basi mtu akikuandikia barua ndefu ya Kiswahili, kila a akaiandika kama t, kila i akaiandika kama m, na kadhalika, wewe hesabu tu. Ukiona t imejaa kila mahali, unaanza kumshika.

Kwa miaka mingi hesabu hiyo ilitosha. Ilipofika karne ya 20, watu walitengeneza mashine za kufumba ambazo herufi moja haibadilishwi kwa namna moja. Kila unapobonyeza, mpangilio unageuka. Mashine ya Wajerumani ya namna hiyo iliitwa Enigma. Kuhesabu herufi peke yake hakukutosha tena. Ikabidi mashine ipambane na mashine.

Mabinti wa Bletchley

Vita Kuu ya Pili ilipoanza mwaka 1939, Waingereza walikusanya watu wao wa mafumbo kwenye jumba moja la mashambani linaloitwa Bletchley Park. Wataalamu wa hisabati wa Poland walikuwa wamekwisha kutangulia kuielewa Enigma, nao waliwapa Waingereza walichokijua. Juu ya msingi huo, Alan Turing na Gordon Welchman walibuni mashine kubwa iliyoitwa Bombe, yenye uzito wa takriban tani moja, ikizungusha magurudumu kutafuta mpangilio wa siku ile. Ya kwanza ilianza kazi mwaka 1940. Iliundwa na kampuni ya British Tabulating Machine. Tafadhali lishike jina hilo, maana tutakutana nalo tena mbele.

Sasa nani waliziendesha mashine hizo usiku na mchana? Mabinti. Wengi walikuwa wa kikosi cha wanawake cha jeshi la majini la Uingereza, wanaojulikana kama Wrens, baadhi yao ndiyo kwanza wametoka shuleni. Walifunga nyaya, walipanga magurudumu, walisikiliza mashine ikisimama, wakaandika ilichokisema. Ilipofika kilele cha vita, takriban robo tatu ya wafanyakazi wote wa Bletchley walikuwa wanawake.

Mwanzoni mwa mwaka 1944 ikaja mashine nyingine, Colossus, iliyoundwa na Tommy Flowers, fundi wa idara ya posta na simu. Hii ndiyo ya kuiangalia vizuri. Bombe ilikuwa ya magurudumu na nyaya, lakini Colossus ilifanya hesabu zake kwa umeme, kwa kutumia taa za kioo zinazoitwa valvu, kama zile zilizokuwa ndani ya redio za babu zetu. Ya kwanza ilikuwa na valvu zipatazo 1,600. Utepe wa karatasi wenye matundu ulipita mbele yake kwa kasi ya herufi 5,000 kwa sekunde moja, na ndiyo iliyosaidia kusoma barua za makamanda wakubwa wa Hitler. Vita vilipokwisha Ulaya mwaka 1945 zilikuwapo kumi. Wanahistoria wengi wanaihesabu kuwa miongoni mwa kompyuta za kwanza za umeme duniani. Na picha yake inayojulikana kuliko zote inaonesha wanawake wawili wamesimama mbele yake wakiiendesha.

Shule ya Mombasa

Tulipofika hapa, mmoja wetu aliuliza, "Haya yote ni ya Ulaya. Sisi yanatuhusu nini?" Tunamshukuru kwa swali lake, kwa sababu ndilo lililotufikisha Mombasa.

Waingereza walikuwa na ofisi nyingine ya mafumbo huku Mashariki, ya kusikiliza simu za upepo za Japani. Ilianzia Hong Kong, ikahamia Singapore, kisha Colombo. Tarehe 5 Aprili 1942 ndege za Japani ziliipiga Colombo, na ofisi ikahama tena. Safari hii ilivuka bahari yetu ya Hindi mpaka Kilindini, Mombasa. Watu wake waliwekwa ndani ya shule ya Allidina Visram. Jina hilo si geni kwa pwani hii. Allidina Visram alikuwa mfanyabiashara aliyeanza kazi ujanani Bagamoyo, mji ambao barabara inayopita Bunju ndiyo inayokwenda.

Basi katika madarasa ya shule ya Mombasa, wanaume na wanawake waliinama juu ya karatasi wakitafuta maana katika herufi na tarakimu za Kijapani. Wrens walikuwepo hapo pia, wakipokea na kutuma ujumbe. Usikivu ulikuwa hafifu kwa umbali ule. Kazi kubwa ilifanywa kwa penseli, karatasi na subira. Hata hivyo, mwezi Novemba 1942 walilivunja fumbo la meli za biashara za Japani, lililoitwa JN-40. Kilichowasaidia ni kosa la kibinadamu kabisa: mtu wa upande wa pili alisahau kitu katika ujumbe wake, akaurudia kwa ufunguo uleule. Mwenye kufumbua akipata barua moja kwa sura mbili, ameshapata mlango. Kuanzia hapo safari za meli zile zikawa zinasomeka. Ofisi ilirudi Colombo mwaka 1943.

Tusidanganyane, dada zetu. Meli zilizosomwa zilizamishwa, na waliokuwamo walikuwa na mama zao pia. Elimu hii ilizaliwa mahali ambapo kila jibu lilikuwa na uzito wa roho za watu.

Meli iliyoondoka Mombasa

Siku ile ya Bunju alikuwepo bibi mmoja ambaye baba yake alikuwa Keya, askari wa King's African Rifles aliyepelekwa Burma. Wengi wetu tuna mzee wa namna hiyo katika ukoo, ila hatumuulizi. Kwa hiyo tunaieleza habari hii kwa ajili yake.

Tarehe 30 Oktoba 1942, mashariki ya bahari ya Mediterania, manowari ya Uingereza inayoitwa Petard pamoja na wenzake waliipiga nyambizi ya Kijerumani mpaka ikaibuka juu. Mabaharia wawili, Tony Fasson na Colin Grazier, waliingia ndani yake ikiwa inazama, wakapokea vitabu vya siri na kumpa kijana mmoja, Tommy Brown, aliyekuwa akifanya kazi katika kantini ya meli. Alikuwa na miaka 16 na alidanganya umri wake ili aende baharini. Vitabu viliokoka, Tommy akaokoka. Fasson na Grazier walizama na nyambizi. Kwa vitabu hivyo, Bletchley iliweza tena kusoma mafumbo ya nyambizi za Kijerumani mwezi Desemba, baada ya miezi kumi ya giza, na Bombe zikapata cha kusaga.

Sasa sogea mpaka Februari 1944. Manowari hiyo hiyo, Petard, ilikuwa katika bahari yetu ikisindikiza msafara wa meli kutoka Mombasa kwenda Colombo. Mojawapo ya meli hizo iliitwa Khedive Ismail. Ndani yake kulikuwa na askari wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki, wauguzi, na Wrens. Jumla yao, pamoja na mabaharia, walikuwa watu 1,511.

Tarehe 12 Februari, karibu na visiwa vya Maldives, nyambizi ya Japani iliipiga kwa torpido mbili. Meli ilizama kwa dakika chache tu. Watu waliobaki walikuwa wakielea majini, na nyambizi ilikuwa imejificha chini yao. Manowari zililazimika kutupa mabomu ya kulipukia chini ya maji palepale walipokuwa wakielea wenzao, ili nyambizi isije kuzipiga meli nyingine. Nyambizi iliibuka, ikapigwa, ikazama. Watu 1,297 walikufa siku ile, wakiwemo wanawake 77. Wanawake waliookolewa walikuwa sita.

Bibi yetu wa Bunju aliposikia hesabu hiyo aliweka chini ungo wake. Baba yake alirudi salama, alhamdulillah. Lakini alisema utotoni alikuwa akisikia wazee wakitaja watu waliopanda meli Mombasa wasirudi, na hakuna aliyewahi kumwambia ni meli gani. Hatuwezi kujua kama walikuwa hao. Tulichoweza kufanya ni kumtajia jina la meli, naye akalirudia mara mbili.

Zamani kompyuta ilikuwa mtu

Nako Marekani, jeshi lilikuwa na shida yake. Kila mzinga mpya ulihitaji majedwali ya kumwonesha askari aelekeze wapi ili kombora lifike panapotakiwa. Hesabu hizo zilifanywa na wanawake waliosoma hisabati. Cheo chao kiliitwa kompyuta, maana yake mwenye kukokotoa. Ndiyo, kabla ya kuwa jina la mashine, hilo lilikuwa jina la kazi, na wengi wa walioifanya hapo walikuwa wanawake. Njia moja ya kombora ilimchukua mtu kiasi cha saa 30 hadi 40 kuikokotoa kwa mashine ndogo ya mezani.

Ndipo ikaundwa ENIAC huko Philadelphia, yenye valvu zipatazo 18,000 na uzito wa tani 30 hivi. Ilikokotoa njia ile ile kwa nusu dakika. Lakini mashine haikujua lolote mpaka ipangiwe, na waliochaguliwa kuipangia walikuwa wanawake sita kutoka katika wale waliokuwa wakikokotoa kwa mkono: Kathleen McNulty, Jean Jennings, Betty Snyder, Marlyn Wescoff, Frances Bilas na Ruth Lichterman. Hapakuwa na kitabu cha kuwafundisha. Walipewa michoro ya mashine, wakajifunza wenyewe jinsi ya kufunga nyaya na kugeuza swichi mpaka hesabu itembee. Kazi anayoifanya binti yetu wa Bunju leo kwa kibodi, wao waliifanya kwa nyaya.

Februari 1946 mashine ilioneshwa kwa waandishi wa habari. Wanaume walioiunda walisifiwa, na walistahili. Wanawake sita walioandaa hesabu iliyowastaajabisha wageni hawakutambulishwa. Miaka ikapita, na watu walipoona picha zao za zamani walidhani ni warembo waliosimamishwa kupamba mashine.

Wale wa Uingereza walinyamazishwa kwa njia nyingine. Waliapa kutunza siri, na wakaitunza. Colossus nyingi zilivunjwa baada ya vita, na Flowers akaamriwa kuteketeza karatasi zake. Mabinti waliolewa, wakazaa, wakazeeka, na wengi hawakuwaambia hata waume zao walifanya nini vitani. Siri ilianza kutoka katika miaka ya 1970. Wapo walioondoka duniani kabla ya siku hiyo, na wazazi wao wakidhani mtoto wao alikuwa karani tu.

Sisi tunaojua maana ya amana tunaliheshimu jambo hilo. Lakini tuone pia gharama yake. Mwenye kazi akinyamaza, historia huandikwa bila yeye. Kisha anakuja mzee mwema, hana ubaya wowote, anasema kazi hii haijawahi kuwa ya wanawake.

Mpaka Hazina ya Dar es Salaam

Kumbuka ile kampuni iliyounda Bombe. Mwaka 1959 iliungana na nyingine, ikazaliwa kampuni mpya iliyoitwa ICT. Mwaka 1965 kompyuta ya kwanza Tanzania, ICT 1500, ilifungwa katika Wizara ya Fedha. Jina lililokuwa juu yake lilikuwa la kampuni hiyo. Basi kutoka chumba cha mabinti wa Bletchley mpaka hesabu za serikali yetu, ni mkono mmoja tu wa kupokezana, na ni miaka 20 baada ya vita.

Safari haikunyooka. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, pamoja na televisheni, baada ya fedha nyingi za kigeni kutumika na matokeo kutoridhisha. Wasomaji wetu wa Unguja watatabasamu hapa, kwa kuwa visiwani tulikuwa na televisheni yetu ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Na mwaka huo huo wa 1974 ndio kilipotoka kitabu kilichofungua siri ya Bletchley kwa watu wote. Kule siri ikafunguliwa, huku mlango ukafungwa. Ulikuja kufunguliwa tena katika miaka ya 1990, na watoto waliozaliwa wakati huo ndio wanaoolewa sasa.

Leo kila mmoja wetu ana mashine ya kufumba mkononi. Ukimtumia mchumba wako ujumbe wa WhatsApp, simu yako inaufumba, na ya kwake ndiyo inayoufumbua. Anayepita katikati anaona herufi zisizo na maana. Ni elimu ile ile ya al-Kindi, iliyopita vitani, ikarudi kulinda maneno ya watu wawili.

Tulichomwambia bi harusi

Tulirudi Bunju tukamsomea haya. Hatukumwambia awakaidi wakwe zake, maana heshima ndiyo inayoshikilia nyumba. Tulimwambia mambo matatu.

La kwanza, asiiache kazi yake kwa sababu ya neno lisilo la kweli. Akiiacha kwa sababu nyingine, kwa hiari yake na kwa mashauriano na mumewe, hilo ni lao wawili. Lakini kusema kompyuta si kazi ya mwanamke ni kuwafuta wale sita, na mamia ya mabinti waliokaa na Bombe usiku kucha.

La pili, jambo hili lizungumzwe sasa, kabla ya nikaha, kwa uwazi na mbele ya mawalii. Usiingie ndani na neno ulilolimeza ukitarajia litayeyuka lenyewe. Dada zetu, wangapi tumeyaona haya?

La tatu, ajue elimu aliyonayo ina historia nzito. Ilianza katika kuokoa na katika kuangamiza. Mkono unaoishika sasa ni wake, na ataulizwa ameitumia kwa lipi, kama sote tutakavyoulizwa juu ya tulivyopewa.

Mchumba wake amekubali wakae na mzee yule, na binti mwenyewe ndiye atakayemweleza. Bibi wa Bunju ameomba awepo. Anasema ana jina la meli la kumtajia.

Tuwaombee kikao chema na ndoa yenye kheri. Nawe msomaji wetu, kama una babu au bibi aliyeziona siku za vita, muulize wiki hii, uandike majina anayoyakumbuka.

Wabillahi tawfiq.